Karani wa Padova Yuko Dzaleka

Msafiri anayetoka Mbeya kwa gari huifikia Dzaleka kabla ya Lilongwe. Ukishavuka mpaka pale Kasumulu, barabara ya M1 inakupitisha Karonga, Mzuzu, Kasungu na Mponela, halafu kondakta anapaza sauti, "Dowa Turn-Off!", na abiria kadhaa wanateremka wakivuta mabegi yao huku wakiulizana kwa Kiswahili nani ana chenji. Kutoka hapo unapanda kabaza, iwe ya baiskeli au ya pikipiki, kuelekea Dowa Boma, na hujakaa sawa kambi inaanza kuonekana. Mji mkuu bado uko mbele kama kilomita 45. Ndiyo maana daftari hili linaanza na kambi, na mji unafuata. Mpangilio huo ulinifaa kwa jambo nililokuwa nikilifuatilia.

Nilikuwa nafuatilia Kiitaliano. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea Kiitaliano cha mdomoni. Malindi, ambako Waitaliano walikuja na roketi zao za San Marco miaka ya 60 na baadaye wakajaza hoteli na majumba, kijana wa ufukweni anakuuzia safari ya mashua kwa Kiitaliano bila kujikwaa, na ukimuuliza alisomea wapi anakucheka. Papasi wa Kiwengwa na Nungwi, kule Unguja, ni hivyo hivyo. Mtalii alikuja, biashara ikadai, ulimi ukafuata. Malawi haina bahari wala hoteli za Waitaliano. Ina ziwa, na Waitaliano utakaokutana nao zaidi ni mapadre, madaktari na watu wa miradi. Anayekitaka Kiitaliano huko, siku hizi anakitafuta ndani ya simu, kwa kuiandikia akili mnemba maagizo imfundishe. Nilitaka kuyaona maagizo yenyewe: yanaandikwaje, na nani anapata nini kwa hayo anayoyaandika.

Dzaleka

Enzi za Kamuzu Banda hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, ikikadiriwa kubeba watu kama 10,000 au 12,000. Leo wamepita 50,000. Wengi ni Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji lugha ni Kiswahili: cha Bukavu, cha Uvira, cha Lubumbashi, cha Bujumbura. Sisi tunasema bando limeisha. Hapa mega zimeisha. Ni kambi inayojua kujieleza kwa wageni pia. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes la Plume, mtu wa Lubumbashi, linavuta watu kutoka Lilongwe nzima kila mwaka, na wengine wanalala humo humo kambini kwa wenyeji wao.

Darasa nililolikuta halikuwa darasa. Ni kibanda cha kinyozi ambacho pia kinachaji simu kwa umeme wa jua, na nyuma yake, chini ya turubai, pana mabenchi mawili. Jioni wanakaa hapo watu saba au wanane na simu moja. Anayeshika simu ni dada wa Bukavu mwenye shahada ya kwanza. Anayeshika kalamu ni mzee aliyekuwa akifundisha Kifaransa sekondari kule Uvira, na wote wanamwita Mwalimu. Nilimpa shikamoo yake. Akaipokea kwa tabasamu la mtu aliyepewa kitu ambacho kwao hakiliwi sana, kisha akanikaribisha: "Karibu, papa, ikala."

Kwa nini Kiitaliano, na si Kijerumani au Kichina? Kwa sababu kuna mlango. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Bologna, pamoja na UNHCR, serikali ya Italia na mashirika ya hisani kama Caritas Italiana, walianza mpango unaoitwa UNICORE: mkimbizi mwenye shahada ya kwanza anaomba nafasi ya shahada ya uzamili Italia, anahojiwa kwa intaneti, akichaguliwa anasafiri kihalali na kusomeshwa miaka miwili. Walianza na wanafunzi wachache waliokuwa Ethiopia. Baadaye vyuo vikaongezeka hadi zaidi ya 30, na nchi nyingine za Afrika zikaongezwa, Malawi ikiwa mojawapo. Masomo yenyewe hutolewa kwa Kiingereza. Lakini nje ya ukumbi wa mihadhara hakuna Kiingereza cha kutosha kununulia hata kitunguu, na watu wa Dzaleka walishaambiwa hivyo na waliotangulia.

Mlango ni mwembamba. Pale kwenye mabenchi, mwenye shahada inayotakiwa alikuwa yule dada peke yake. Wengine wako njiani, kama njia ipo. Tangu mwaka 2010 Wajesuti wamekuwa wakitoa kambini masomo ya chuo kwa njia ya mtandao, Dzaleka ikiwa miongoni mwa kambi za majaribio pamoja na Kakuma ya Kenya, kwa hiyo kusomea kwenye kioo hakukuja hapa na akili mnemba. Ndiyo maana, nadhani, hawakuishangaa mashine. Waliipokea kama mwalimu mwingine wa mbali ambaye inabidi umbane ndipo afundishe.

Na wanambana. Hili hapa agizo moja, nimelinakili kutoka kwenye kaye ya Mwalimu (daftari kwao ni kaye). Aliliandika kwa Kifaransa, nami naliweka kwa Kiswahili:

"Wewe ni karani wa posta mjini Padova. Huna muda, nyuma yangu kuna foleni, na umeshachoka na wageni. Mimi ni mwanafunzi niliyefika juzi, nimekuja kuchukua fomu za kuombea permesso di soggiorno. Ongea Kiitaliano tu, sentensi fupi. Usinieleze kitu mpaka niseme 'non ho capito'. Nikikosea usinisifu wala usinisahihishe papo hapo, endelea kuwa karani. Tukimaliza, nionyeshe makosa matatu tu, yale ambayo yangenifanya nirudishwe nyumbani."

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mtu aliyeiandika hajui Kiitaliano, lakini anajua kaunta. Amesimama kwenye kaunta nyingi maishani: ya uandikishaji, ya mgao, ya kibali cha kutoka kambini. Anajua kwamba karani hajali yako, na kwamba kosa la sarufi halimrudishi mtu nyumbani. Kinachomrudisha ni kutokusikia alipoambiwa alete nakala mbili. Na habari yenyewe ni ya kweli. Mgeni anayekwenda Italia kwa masomo ana siku 8 za kazi tangu kuingia nchini za kuomba kibali cha ukaazi, na maombi hayo hupitia posta, kwa bahasha yenye fomu inayotolewa dirishani. Mashine haikuwaambia hayo. Aliyewaambia ni mwenzao aliyekwisha kwenda, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Humo alisimulia jinsi alivyozungushwa, wakasikiliza wakicheka, kisha Mwalimu akaugeuza mkasa kuwa agizo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kinachotofautisha agizo na agizo. Nilikuja nikidhani siri iko kwenye ufundi wa kuiandikia mashine, mambo ya kuipa cheo na kuipangia hatua. Ufundi upo, wala si haba. Ila karani yule amesimama kwa sababu kuna mtu anayejua atakapokuwa amesimama yeye mwenyewe siku atakapolihitaji neno. Mwanzoni, dada wa Bukavu aliniambia, waliandika kama kila mtu: tufundishe utamaduni wa Italia. Wakaletewa pizza, mpira, mikono inayopungwa hewani, na nonna, yaani bibi, anayepika tangu alfajiri.

"Kule mu Italia hakuna mutu atakuuliza kama uko na nonna," alisema. "Batakuuliza codice fiscale."

Namba ya mlipakodi, kwa wasioijua. Bila hiyo huna akaunti ya benki wala mkataba wa chumba.

Karani akaanza kazi. Dada anaandika, kijana wa Bujumbura anasoma kwa sauti jibu linalokuja, Mwalimu ananakili yote kwenye kaye ili kesho wasome bila kuwasha data. Karani aliuliza kitu chenye "marca da bollo" ndani yake. Kimya. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Yule wa Bujumbura akapendekeza waseme "sì", dada akakataa: usiseme ndiyo kwa kitu usichokijua, ndivyo watu wanavyotia saini wasichokisoma. Akaandika "non ho capito". Karani akaeleza, kwa mkato, kwamba ni stempu ya serikali, ya euro 16, na inanunuliwa kwenye duka la tumbaku. Duka la tumbaku! Benchi zima likaangua kicheko. Mwalimu akaandika kwenye kaye na kupiga mistari miwili chini yake.

Kuhusu kutokusifiwa, walikuwa na sababu. Programu hizi zina tabia ya kumpigia makofi kila anayefungua mdomo. Ukiandika sentensi yenye makosa manne unajibiwa "Bravissimo!" na alama ya mshangao. Mwalimu, aliyesahihisha madaftari ya wanafunzi miaka mingi kwa kalamu nyekundu, hilo linamkera hasa.

"Ile mashini iko na akili," alisema, "lakini haina haya. Unakosea, inakupigia makofi. Mi njo naona iko inatafuta mapendo."

Haya ndiyo yaliyomfanya pia apigane nayo juu ya heshima. Kiitaliano kina "tu" kwa rafiki na "Lei" kwa mtu wa kuheshimiwa, na profesa haambiwi "ciao". Kwa mtu aliyelelewa akijua nani anaanza kumsalimu nani, hilo ni jambo la asubuhi ya kwanza, wala si somo la kumi na mbili. Lakini mashine, ukiiacha, inakuzoea haraka na kukuita "tu" kama mlicheza pamoja utotoni. Kwa hiyo kila agizo lao lina mstari unaotaja umri na cheo cha anayezungumza na cha anayezungumziwa. Niliona agizo moja la barua kwa profesa wa kike ambalo nusu yake nzima ilikuwa salamu: aanze vipi, amwite nani, amalizie vipi bila kupiga magoti. Mimi ningelifupisha. Mwalimu alikataa kulifupisha hata kwa neno moja, na nadhani Italia watamwelewa yeye zaidi kuliko mimi.

Lakini agizo lililonikalisha hadi kinyozi akafunga ni la mtihani. Vyuo vya Italia vina mazoea ambayo kwa wengi pale kwenye mabenchi yalikuwa mageni kabisa: mitihani mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa, mara nyingi wenzako wakiwa nyuma wanasikiliza, unaulizwa, unajibu, na alama unapewa hapo hapo. Alama ni juu ya 30, ya kupasi ni 18, na aliyemfurahisha mtahini anapewa 30 e lode. Tena kuna hili ambalo Mwalimu alidhani mashine imelizua: mwanafunzi asiyeridhika na alama anaweza kuikataa, mara nyingi, akarudi kwenye awamu nyingine. Mwenzao aliyeko huko akathibitisha kwa ujumbe wa sauti. Ni kweli, unasema hapana, asante, unatoka.

Mjadala uliozuka juu ya hilo ningetamani profesa yeyote wa Bologna angeusikia. Kijana wa Bujumbura hakuamini kwamba kuna nchi mtu anapewa kitu na ofisi, anakirudisha, na haadhibiwi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akishona, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema yeye angechukua hiyo 18 na kukimbia nayo. Dada wa Bukavu alikuwa kimya. Yeye ndiye ambaye labda atayakuta hayo. Alikwisha kuandika agizo lake: profesa mkali wa takwimu anayemkatiza katikati ya jibu, anayemuuliza "perché?" mara tatu mfululizo, na anayempa alama bila kueleza. Humo ndani aliweka sharti kwamba profesa asiambiwe kuwa mwanafunzi ni mkimbizi.

Sikumuuliza kwa nini.

Kuna mambo mawili hawayawezi, na si kwa kosa lao. La kwanza ni sauti. Mazungumzo ya sauti yanakula mega, kwa hiyo Kiitaliano chao ni cha kuandikwa, na wanakisoma kwa ulimi wa Kifaransa. Irabu zinawatoka vizuri, kama zinavyomtoka Mswahili yeyote, maana Kiitaliano nacho kinapenda kumalizia neno kwa irabu. Lakini herufi mbili zinazofuatana wanazimeza: nonno, babu, anatoka kama nono, wa tisa. La pili ni ukweli wa kile wanachoambiwa. Kuhusu saa ambazo mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi, mashine ilimpa mmoja jibu hili na mwingine jibu lile, kwa lugha ile ile ya kujiamini. Jibu sahihi, saa 20 kwa wiki na zisizozidi 1,040 kwa mwaka, walilipata kwa mtu. Tangu hapo wana utaratibu: cha lugha waulize mashine, cha sheria wamuulize aliyekwenda.

Na lugha ya kuulizia? Hapa nilijifunza kitu kuhusu Kiswahili ambacho hakikunipendeza. Aprili 2024, kampuni ya Meta ilipoanza kuipeleka akili mnemba yake nje ya Marekani, Malawi ilikuwa kwenye orodha ya nchi za kwanza, kabla ya Kenya na Tanzania, na kwa sababu imo ndani ya WhatsApp, ambayo bando lake ni nafuu, ikawa ndiyo mashine ya maskini. Julai ya mwaka huo ukatoka mfumo wao wa Llama 3.1 ukiwa na lugha 8 rasmi: Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani, Kireno, Kihispania, Kihindi na Kithai. Kiswahili hakimo. Inakijaribu, ndiyo, lakini ni Kiswahili cha kitabuni, na ukiiandikia cha Uvira inapotea njia. Kwa hiyo wanauliza kwa Kifaransa, wanajibiwa kwa Kiitaliano, na wanafafanuliana kwa Kiswahili. Dada wa Bukavu ana Mashi cha nyumbani, Kiswahili, Kifaransa, Lingala kidogo, Kiingereza na Chichewa cha kambini. Mtu wa aina hiyo haogopi lugha ya saba. Anajua ilivyo siku ya kwanza, na anajua kuwa aibu inaisha.

Mtengowanthenga, ukipita tu

Ukirudi kwenye M1 na kuelekea kusini unapita Mtengowanthenga, penye hospitali ya Wakatoliki. Hapo jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma ilianzisha moja ya vituo vyake vya tiba ya UKIMWI vya mpango wa DREAM, ulioingia Malawi mwaka 2005. Basi halikusimama. Nilijiwa na wazo moja ambalo naliandika kwa sababu wengi wa wale wa kwenye mabenchi hawalijui. Oktoba 4, 1992, ni hao hao Sant'Egidio waliokuwa wenyeji wa mkataba wa amani ya Msumbiji, uliotiwa saini Roma. Malawi wakati huo, nchi ya watu wasiofika milioni 10, ilikuwa imewahifadhi wakimbizi wa Msumbiji milioni moja. Mkataba ukashika, Wasumbiji wakarudi kwao. Mwaka 1994 Dzaleka ikafunguliwa kwa watu wengine. Kwa hiyo Kiitaliano kiliwahi kuzungumzwa juu ya wakimbizi walioko Malawi. Tofauti ni kwamba sasa wao ndio wanaokizungumza.

Lilongwe

Lilongwe ni mji mkuu tangu mwaka 1975, ulipochukua nafasi ya Zomba, na umepangwa kwa namba kiasi kwamba mgeni anahisi yuko kwenye kabati la mafaili: Area 3, Area 18, Area 47. Namba zenyewe hazifuatani. Mwenyeji wangu alikuwa Area 25, upande wa Kanengo. Mama yake alikuwa akifuata bidhaa Kariakoo, na likizo za shule alikuwa akienda naye, kwa hiyo Kiswahili chake kina bei zote na hakina matusi. Ni fundi wa maabara. Kazini kwake wamekuwa wakija wataalamu Waitaliano kwa wiki chache chache, na anatamani siku moja asome kwao.

Zamani kidogo ningekisikia Kiswahili mtaani kwake zaidi. Maduka mengi ya mitaa ya Lilongwe yalikuwa ya Warundi, Wanyarwanda na Wakongo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na mwaka 2023 serikali ikayasimamia: waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini wakaamriwa warudi Dzaleka, na waliobaki wakaja kuchukuliwa. Mmoja wa wale wa kwenye mabenchi alikuwa na duka hapa. Leo anajifunza Kiitaliano cha kuombea fomu.

Fundi wa maabara ana kila ambacho hao hawana. Ana simu yake peke yake, kompyuta ndogo, mtandao wa 4G, na umeme wa ESCOM kwa saa unazopenda wenyewe. Anaongea na mashine kwa sauti, akiwa amejilaza, na matamshi yake ni mazuri mno. "Nonna" yake ina n zote mbili na bado inabaki na nafasi ya kupumua. Nikasema moyoni kwamba Mwalimu angelipa kwa sauti hiyo.

Nikamwomba anionyeshe agizo lake la kwanza. Liliandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: nifundishe Kiitaliano kwa siku 30. Mashine ikampangia ratiba yenye rangi. Siku ya kwanza salamu, ya pili namba, ya tatu familia, ya tisa mgahawani. Ratiba ilikuwa nzuri kiasi kwamba aliichapisha na kuibandika ukutani, na alipoibandika, achimwene wangu huyu, yaani kaka yangu, akahisi amekwisha kusoma. Yuko siku ya tisa kwa muda mrefu. Anajua kuagiza tiramisù na kuomba bili. Anajua kuwa cappuccino ni ya asubuhi, na kwamba ukiiagiza baada ya chakula cha mchana watakujua kuwa mgeni, kana kwamba bila hiyo kahawa wasingemjua.

Simcheki. Alipewa alichoomba. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na mtu wa kumtumia sauti kutoka huko na kumwambia jinsi siku ilivyokwenda. Waitaliano wa kazini kwake anazungumza nao Kiingereza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwekea foleni nyuma ya mgongo. Sitaki mtu asome hapa kwamba shida ni shule bora kuliko 4G. Yule dada wa Bukavu angepewa mtandao huu kwa mwezi mmoja angeongea kama mtangazaji wa redio. Na kwa upande mwingine, Kiitaliano chake chote hakimpeleki Padova kama hakuchaguliwa. Akichaguliwa, bado kuna hati ya kusafiria ya mkimbizi, na viza. Ubalozi wa Italia unaoihudumia Malawi uko Lusaka, nchi nyingine, na yeye hata kufika Lilongwe anahitaji ruhusa. Fundi wa maabara anahitaji pasi na nauli.

Nilimsomea agizo la karani wa posta kutoka kwenye daftari langu. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniomba nilirudie. Lile la mtihani ndilo lililomwamsha kitandani. Aliketi mezani, akafuta siku ya tisa kwenye mazungumzo yake, akaandika jipya. Profesa awe wa somo la vimelea vya malaria, kitu anachokijua kwa ndoto. Awe mzee kidogo, aitwe kwa "Lei". Aulize kwa Kiitaliano chepesi, akatize, atake sababu. Alama juu ya 30, na hakuna makofi. Akauliza kama aandike kwamba anatoka Malawi. Nikamwambia wa Dzaleka hawakuandika.

Ilikuwa saa tatu usiku na umeme ulikuwa umeshakatika, kwa hiyo uso wake ulimulikwa na simu tu. Profesa alimuuliza anavyotambua falciparum chini ya darubini. Fundi alijua jibu lote na hakuwa na maneno ya kulisemea. Alijikokota kwa majina ya Kilatini, ambayo kwa bahati yanafanana, akachanganya vitenzi, akasema "rosso" pale alipohitaji jina la rangi nyingine. Profesa akamkatiza. Perché? Akajaribu tena. Perché? Jasho lilimtoka kweli, mtu mzima, chumbani kwake. Katika ratiba yake ya rangi hakuwahi kutokwa na jasho.

Alama ikaja: 19.

"Nimepasi?" akaniuliza.

"Umepasi. Ya kupasi ni 18."

Akaitazama. Akaniuliza kama ni kweli ile habari ya kukataa. Nikamwambia wa Dzaleka wameithibitisha kwa mtu. Akafikiri, kisha akaandika polepole, kwa "Lei", akianza na salamu, kwamba anashukuru ila haichukui. Profesa akamjibu kwa sentensi moja kwamba awamu nyingine ni Septemba, ajiandae vizuri zaidi kwenye vitenzi.

"Septemba mbali," fundi akasema, na akaanza kuandika agizo jingine.